Nilimnyima rafiki yangu jukwaa la Nairobi, na yeye ndiye anayenifundisha kuimba

Admin, ficha jina langu na usiweke picha yoyote, maana Mwanza ni ndogo na huyu ninayemsema anasoma ukurasa huu kila siku.

Mimi ni dada wa miaka 28, fundi cherehani, nina fremu yangu ya kushonea hapa Buzuruga. Sijaolewa. Tangu sekondari napenda hadithi za fantasia, zile za majoka, falme za kale na watu wenye nguvu za ajabu. Nyumbani waliniona kama nimechanganyikiwa. Kupitia hadithi hizo nikaanza kupenda nyimbo za lugha nisizozijua: Kijapani, Kikorea, na Kifini, lugha ya Ufini, nchi ya baridi huko Ulaya yenye nyimbo za filimbi na ngoma nzito. Nina daftari kubwa nimeandika maneno yake jinsi ninavyoyasikia, ukurasa baada ya ukurasa.

Rafiki yangu nitamwita Debora. Ni Mjita, si Msukuma, mwalimu wa chekechea, anaimba kwaya. Mimi ndiye niliyemwingiza kwenye mambo haya. Nilimpa hadithi ya kwanza, nikamsikilizisha wimbo wa kwanza, tukafungua ukurasa wetu wa mashabiki. Shida ni kwamba wimbo ninaouhangaikia mwezi mzima, yeye anausikia mara tatu anaushika, na matamshi yake yananyooka kama kazaliwa huko. Hata wimbo wa kulima wa Kisukuma, niliofundishwa na bibi yangu mzaa mama, alijifunza siku moja tulipoenda kumsalimia bibi kule Misungwi. Bibi akacheka akasema, "Huyu binti anaimba kutuzidi sisi wenyewe." Nilicheka na mimi, lakini nilikosa hamu ya kula.

Mwaka juzi tulienda Dar kwenye tamasha la mashabiki wa fantasia. Watu wanavaa kama wahusika wa hadithi, wanabishana kuhusu majoka, wanaimba. Nilimshonea Debora gauni la malkia wa ziwa. Mabegani niliweka magamba ya samaki sato, niliyaosha, nikayakausha juani, nikayapaka rangi ya fedha moja moja. Wiki tatu nzima. Pale ukumbini watu wakapanga foleni kupiga picha naye. Mmoja akamuuliza nani kashona, Debora akaninyooshea kidole, "Ni huyu shosti wangu." Yule kaka akanitazama kidogo, akageuza kamera kwa Debora tena. Jioni Debora akapanda jukwaani akaimba Kijapani, akaimba Kifini, akamalizia na ule wimbo wa bibi yangu. Watu wakasimama kumpigia makofi. Mimi nilikuwa nyuma ya pazia nimeshika mkoba na kandambili zake.

Sasa, mwezi uliopita waandaaji wa tamasha la Nairobi waliandika kwenye ukurasa wetu. Ukurasa naushika mimi kwa sababu simu ya Debora kioo kimekufa; huu wenu anausoma kwa simu ya mama yake. Waliandika, "Tunamwomba yule dada aliyeimba kwa lugha tatu kule Dar aje kutufungulia tamasha, awe mgeni wetu." Nilisoma mara tatu nikitafuta sehemu inayonihusu. Haikuwepo. Nikaacha kazi ya mteja kwenye mashine, nikajibu: "Anashukuru sana ila ana udhuru wa kifamilia. Mimi ndiye niliyemfundisha nyimbo zile, ninaweza kuja badala yake." Kesho yake wakakubali.

Nilimwambia Debora kwamba nimealikwa mimi. Nawaambia ukweli, nilitaka aumie. Nilitaka nimwone hata siku moja anameza mate kama ninavyomeza mimi. Akaweka begi lake chini, akanikumbatia. "Shosti, Mungu amekukumbuka. Umehangaika sana na vitu hivi." Kisha akasema, "Ila ule ubeti wa pili wa Kifini huwa unaukosea. Nitakuwa napita tufanye mazoezi."

Na kweli anapita. Kila mchana akitoka shuleni anakaa kwenye benchi la wateja, anapiga mdundo kwenye meza yangu ya kukatia, ananirekebisha neno kwa neno. Hanicheki. Jumapili aliwaomba wanakwaya waniombee safari. Mama yake akanifuata nje ya kanisa. Nikamwamkia, "Shikamoo mama." Akasema, "Marahaba mwanangu. Nenda ukatutoe kimasomaso. Debora hana habari nyingine nyumbani ila wewe."

Juzi waandaaji wameandika tena. Wanasema wamesikitika kuhusu matatizo ya familia ya Debora, wanaomba namba yake ili wampe pole wenyewe. Sijajibu. Jana wameuliza tena.

Na jana hiyohiyo nilimwomba Debora avae gauni jipya ninalojishonea la safari, nione linavyoanguka mgongoni. Akasimama mbele ya kioo, akajigeuza, akaanza kuimba taratibu huku mimi nimepiga magoti nakunja pindo. Wateja wawili wakasimama mlangoni kusikiliza. Nikamchoma kwa pini kwa bahati mbaya. Sina hakika kama ilikuwa bahati mbaya. Akasema tu, "Pole pole, fundi," akaendelea kuimba.

Nikimwambia, nampoteza rafiki pekee anayenielewa, na kanisani sitaweza kukanyaga. Nikinyamaza, waandaaji watampata tu, na nitaonekana vibaya zaidi. Safari ni Alhamisi ijayo, bado kuna muda wa yeye kwenda.

Nanyi msije mkanionea huruma kabla hamjajua hili: pamoja na yote aliyonifanyia, hata sasa hivi ninapoandika, bado sitaki aende yeye. Mtu mwenye moyo wa namna hii anaanzia wapi kuomba msamaha? Nishaurini, hata kwa ukali. Nitasoma kila mtakachoandika.