Watu wa Jengo Lile Walitoka?

Harufu ya siagi ya bisi bado inanipandisha hasira. Nakwambia mapema. Wengine wakiisikia wanakumbuka sikukuu. Mimi naona tochi yenye mwanga mweupe, imeelekezwa usoni kwa mama yangu.

Tulikuwa watatu kwenye safu ya katikati: mimi, Mama, na mwanangu Elia, ambaye siku hiyo alikuwa anatimiza miaka minne. Ilikuwa Jumamosi saa nane mchana, katika ukumbi wa sinema ambao jina lake nimelitaja panapohusika. Mama alikuwa hajawahi kuingia ukumbi wa sinema maishani mwake. Alivaa kitenge chake cha Pasaka na koti juu. Elia, ambaye anasikia Kiswahili chote na kujibu kwa Kiingereza, alikuwa amemwomba Koko, yaani bibi yake, wiki nzima aje naye, na Koko hamnyimi kitu.

Kwenye lile pazia kubwa, jengo refu lilianza kuinama. Viti vikatetemeka. Mama akanishika mkono, akauliza kwa Kiswahili chake cha Bukavu, "Batu balitoka?" Nikamjibu chini chini kwamba nusu wameshatoka, angoje kidogo. Hapo ndipo tochi ilipokuja.

Alikuwa meneja wa zamu, mwanamke mwenye beji kifuani. Akasema kuna mtu amelalamika. Akasema kama hatuielewi sinema, tungekaa nyumbani tukaangalia kwa lugha yetu. Nyuma yetu kulikuwa na kundi la watu wazima waliokuwa wakipiga miluzi tangu shujaa alipovua shati, na hao hakuna aliyewamulika. Tukatolewa. Elia analia, kiatu kimoja nimekishika mkononi. Tulipofika mlangoni Mama akaikung'uta ile ndoo ya karatasi ya bisi, akaipangusa kwa upindo wa kitenge, akamkabidhi meneja kwa mikono miwili.

"Aksanti," akamwambia.

Tochi niliivumilia. Aksanti ile ndiyo iliyonipasua. Mikono ile miwili naijua, na mtu wa kwanza kuicheka nilishamlipa nikiwa na miaka kumi na mitatu. Ngoja nieleze.

Tulifika Saint Paul, Marekani, tukitokea kambi ya wakimbizi Kigoma, mwanzoni mwa miaka ya elfu mbili na kumi. Kanisa moja la Wazungu liliziazima familia zetu za Kikongo chumba chake cha chini kila Jumamosi mchana. Mpaka leo nakisikia puani: viatu vya theluji vilivyolowa vimepangwa korido nzima, sombe, kisamvu chetu, ikichemka, mafuta ya mandazi yakiwa yameganda kwenye mapazia. Kulikuwa na projekta ya masomo ya Biblia na ukuta mweupe. Diski za sinema tulikuwa tunaazima maktaba, na kwa kuwa mimi ndiye niliyeshika Kiingereza haraka kuliko wenzangu, niliwekewa kiti cha plastiki kando ya ukuta nikawa msimuliaji.

Kazi hiyo kila mmoja wetu aliijua. Kambini tulikuwa na kibanda cha video, na jamaa mmoja mwenye kipaza sauti aliyewasemea waigizaji wa nje kwa Kiswahili, akiwapa majina ya jirani zetu na kuwatukana inapobidi. Hakuna aliyetaka atafsiri tu. Tulitaka atusimulie.

Na zile sinema kubwa za kiangazi niliziweza hata zile ambazo sijawahi kuziona. Mwanzo mtu ana nyumba na ana mzazi. Mandazi ya kwanza hayajaisha, mzazi amekufa. Halafu kinakuja kitu kutoka angani, mji unaanguka, shujaa anakumbuka alichoambiwa na mzazi wake, anashinda, muziki. Maneno machache, milipuko mingi. Nafikiri waliozitengeneza walijua zitaangaliwa dunia nzima, na walijiambia kwamba jengo likianguka halihitaji mkalimani.

Kwa mama yangu lilihitaji. Kila jengo lilipoanguka aliuliza swali lilelile, kwa sauti ileile ya mtu anayeuliza kama basi limepita. "Batu balitoka?"

Mwanzoni nilijaribu kumwelimisha. Shuleni tulikuwa tumeonyeshwa jinsi mwigizaji anavyokimbia peke yake mbele ya kitambaa cha kijani, halafu watu wa kompyuta wanachora mji nyuma yake, kioo kwa kioo. Nikamwambia hakuna jengo, Mama, na ndani hakuna watu. Akautazama ukuta.

"Ule moto ni wa uongo," akasema. "Lakini ile vumbi, mwenye aliichora aliiona."

Sikuelewa. Nilichojua ni kwamba asipojibiwa hali chakula vizuri. Kwa hiyo nikaanza kuwahamisha watu. Mnara ukianza tu kuinama, nilisema haraka: king'ora kimelia, wote wameshuka kwa ngazi, wagonjwa wamebebwa mgongoni, sasa wako salama kwenye kanisa lile pale kushoto. Akina mama wakaitikia, "Aksanti Yesu," na hapo jengo likawa na ruhusa ya kuanguka. Watengenezaji walibomoa miji yote mikubwa ya dunia hii, lakini katika chumba chetu cha chini hakufa hata mpangaji mmoja.

Sasa nije kwa Mama Solange.

Mama Solange alifika Marekani kabla yetu sote. Alikuwa mkalimani wa hospitali, alivaa koti la njano lenye mkanda, na alikuwa na kipaji. Sikatai, alikuwa nacho. Angeweza kukuigizia foleni ya posta ukacheka mpaka ukalia. Kazi yake ilikuwa kusikia siri za wagonjwa na kuziacha hukohuko hospitalini. Aliziacha zilizomchosha. Zilizochekesha alikuja nazo jikoni kwetu.

Mama alikwenda kupimwa mkojo. Nesi akampa kile kikombe kidogo cha plastiki chenye kifuniko na kumwonyesha mlango wa choo. Mama Solange alikuwa nje anaongea na simu, kwa hiyo hakuna aliyemweleza Mama alichotakiwa kufanya. Mama akaona amekaribishwa maji. Akayanywa ya bombani, akakiosha kikombe kwa sabuni, akakikausha vizuri, akamrudishia nesi kwa mikono miwili na kumwambia aksanti.

Ni hivyo tu. Mtu aliyelelewa vizuri, hakuelezwa. Lakini ulipaswa kumwona Mama Solange akiisimulia mbele ya sufuria ya sombe! Aliinama, akakausha kikombe hewani, akafanya sauti ya Mama nyembamba kama ya kuku, akaongeza na goti ambalo Mama hakupiga. Jiko zima liliangua kicheko. Mama alikuwa amesimama mlangoni na beseni la vitunguu. Alitabasamu. Tabasamu lile ningeweza kuua mtu kwa ajili yake.

Kuanzia siku hiyo hakuwa tena Mama Riziki. Akawa Mama Kikombe. Na mimi kwenye basi la shule nikawa Mtoto wa Kikombe.

"Mama, mwambie kitu!" nilimwambia nyumbani.

"Twende tu, mwana wangu," akajibu, ingawa hatukuwa tunakwenda popote.

Nikangoja wiki tatu. Maktaba nilichagua diski mwenyewe, nikaiangalia kwanza kule kule na spika za masikioni, nikaandika mambo kwenye daftari la hesabu. Dakika ya arobaini na kitu kulikuwa na mwanamke mwenye koti la njano. Nakuapia, la njano. Alipita mbele ya kamera akipiga kelele kwenye simu, akaingia kwenye mnara, na mnara ukaangushwa na dude la chuma lenye miguu sita. Alionekana sekunde chache tu, na hata jina hawakumpa. Nikampa mimi.

Jumamosi hiyo Mama Solange alikaa kiti cha mbele kama kawaida, andazi mkononi. Koti la njano lilipotokea ukutani, nilianza na sauti yake yeye, ile ya puani, na Kifaransa chake cha kujionyesha.

"Allô, allô! Chérie, unanisikia? Nimetoka hospitali sasa hivi. Ngoja nikupe siri ya mgonjwa! Mwingine ana minyoo, mwingine mume wake… hapana, ya huyo nitakuambia jikoni, mbele ya sombe!"

Kisha mtu mmoja akacheka kwa kupitia puani, na chumba kizima kikalipuka. Watu walipiga viti. Mzee wa kwaya alitoa miwani akajifuta macho. Mama Solange hakugeuka. Niliona andazi limebaki hewani, katikati ya mapaja na mdomo. Nikaendelea, na najua niliendelea vizuri. Dude la chuma likainua mguu. Mnara ukainama.

"King'ora kimelia," nikasema. "Wote wameshuka. Wagonjwa wote wametoka, wako kanisani. Amebaki mmoja tu. Anaambiwa, mama, toka! Hasikii. Bado anasema."

Na nikauacha mnara uanguke. Spika zilinguruma mpaka vikombe vikagongana kwenye meza. Vumbi likajaa ukuta mzima, kijivu, linakuja mbele kama maji. Sijawahi kuwa na furaha kama ile. Niseme kweli? Hata siku ya kumzaa Elia ilikuwa na maumivu ndani yake. Ile haikuwa na maumivu hata kidogo.

Mama akasimama.

"Riziki. Mutoe ule mama."

"Mama, ni sinema."

"Ninakuambia umutoe!"

"Limeshaanguka, Mama. Haiwezekani."

Kicheko kikakatika. Mama alitembea mpaka mbele, akakata mwanga wa projekta, na lile vumbi lote likamwangukia yeye: kwenye kitambaa cha kichwani, usoni, kwenye mikono. Akatazama ukutani kama mtu anayetafuta mlango. Halafu akageuka, akamwinamia Mama Solange pale kitini, akamshika mkono, akamwinua, akapita naye katikati ya viti hadi nje kwenye korido. Mlango ukajifunga wenyewe nyuma yao.

Niliwafuata. Walikuwa wamesimama kati ya viatu vya theluji. Mama Solange alikuwa analia mpaka wanja umechuruzika. Mama alikuwa anampangusa mabega, taratibu, bega hili na bega lile, kana kwamba vumbi lipo.

Nilimchukia Mama siku ile. Nilimpigania mbele ya watu, yeye akaenda kumwokoa adui yake. Miezi miwili nilikataa kusimulia. Ushindi niliupata hata hivyo: jina la Kikombe lilikufa, na Mama Solange hakukalimani tena kwa familia yetu. Siku hizi anakaa kitongoji cha Champlin, nyumba ina gereji mbili. Tukikutana msibani ananisalimia kwa heshima sana. Sijamsamehe na sina mpango huo.

Lakini nilipojifungua Elia, Mama alikuja kunikanda, na alipokuwa ananikanda akasema, bila kuulizwa, habari za mdogo wake, Mama Mdogo Esperansi. Asubuhi moja kule nyumbani waligombana kwa sababu ya maneno. Esperansi alikuwa na mdomo, alikuwa amewaambia majirani jambo la Mama. Mama akatoka nje kwa hasira, akaenda kisimani, akijiambia leo simsemeshi. Bomu likaangukia nyumba akiwa njiani kurudi. Alisimama mbele ya vumbi akiuliza kila anayepita kama watu wametoka. Hakuna aliyemjibu, kila mtu alikuwa anakimbia.

Kwa hiyo mimi, na daftari langu la hesabu, nilikuwa nimemwonyesha mama yangu ukutani kitu kilekile: mwanamke mwenye mdomo, ndani ya nyumba, na mtu aliyeamua asimtoe. Waliochora lile vumbi hawakumjua. Mimi nilikuwa mtoto wake. Mama Solange simjutii, narudia. Najutia jengo.

Tangu nilipolijua hilo, kila sinema ninayoangalia na Mama nawatoa watu wote, wema na wabaya, mpaka wezi. Na ndicho nilichokuwa nafanya Jumamosi ile tulipomulikwa. Nilikuwa sijamaliza.

Wiki hiyohiyo uongozi wa ukumbi ulinipigia simu na kunipa tiketi nne za bure. Nikasema hapana, nipeni anwani ya malalamiko. Nilipeleka barua kwa Kiingereza, kwa mkono, nikadai mhuri wa kupokelewa kwenye nakala yangu. Kwa Kiswahili, kama nilivyomsomea Mama, inasema hivi:

Kwa Mkurugenzi wa Ukumbi.

Yahusu: kutolewa ukumbini kwa mama yangu.

Jumamosi, maonyesho ya saa nane mchana, meneja wenu wa zamu alimmulika mama yangu usoni na kumtoa nje pamoja na mtoto wa miaka minne, kwa kosa la kuuliza swali moja kwa Kiswahili. Waliopiga miluzi kwa Kiingereza walibaki. Alisema hatuielewi sinema. Mama yangu aliielewa kuliko mtu yeyote aliyekuwa humo ndani, pamoja na meneja.

Tiketi zenu sizitaki. Nataka meneja huyo aje amwombe Mama radhi kwa mdomo wake, yeye akiwa amesimama na Mama amekaa. Nitakalimani mimi, neno kwa neno, bila kuongeza kitu.

Na kwa kuwa tulitolewa kabla sinema haijafika mwisho, na Mama anaendelea kuniuliza, naomba mnijibu kwa maandishi, na jibu liwe na sahihi ya mtu: watu wa jengo lile walitoka?