Mama Aliyeomba Kutwikwa Njia ya Sake

Ukitaka kucheka, cheka sasa hivi, maana nikishaanza sipendi kukatizwa. Haya hayakumpata rafiki wa jirani yangu, wala sikuyaokota barazani. Yalinipata mimi mwenyewe, na ilikuwa saa kumi na mbili na nusu asubuhi, kumekucha, kwa hiyo usije ukaniambia nilikuwa na usingizi. Mimi ni muuguzi. Kazi yangu ni kumtazama mtu na kuandika nilichokiona, si nilichokidhania. Na mambo ya mizimu nilikuwa mtu wa kwanza kuyazomea, muulize yeyote aliyesoma nami.

Kwetu ni Ujiji. Babu wa babu yangu alitokea Maniema, ndiyo maana mjomba wangu, Papa Amisi, alipovuka ziwa letu kwenda kuuza vitenge Goma, hakuna aliyeshangaa. Yeye ndiye aliyemshawishi baba anipeleke huko kusomea uuguzi. "Atarudi na Kifaransa," alisema. Baba yangu, ambaye anaamini mtu anayejua Kifaransa hawezi kufa maskini, akauza ng'ombe wawili.

Nikafikia kwa mjomba, mtaa wa Mapendo. Wiki za mwanzo nililia sana. Darasani mwalimu alikuwa akisema Kifaransa kama mtu anayekimbizwa, na nikifungua mdomo kusema Kiswahili wenzangu wanacheka. "Huyu anasema kama redio!" Aliyeniokoa ni Kavira, binti wa Kinande kutoka Butembo, Mkatoliki, mfupi, mwenye sauti kubwa kuliko mwili wake. Alinikopesha daftari zake, akanifundisha kula sambaza, vidagaa vya kule, na vichwa vyake, na kila Jumamosi akanitoa nje kunionyesha dunia. Tulikwenda ufukweni, tulikwenda sokoni, siku moja kule Ndosho nikabishana na vijana kwamba naweza kuendesha chukudu, ile baiskeli ya mbao isiyo na pedali wanayobebea viazi na mkaa. Nilianguka mbele ya karakana nzima ya wachomeleaji. Kavira alicheka mpaka akakaa chini. Nilikuwa na furaha jamani, sitaki udhani Goma ni machozi tu.

Jambo moja tu Kavira hakulifanyia mzaha. Tukitembea njia ya kwenda Sake, kando ya ziwa la Goma, alikuwa akinishika mkono kila tunapofika penye bonde dogo au shimo la mawe.

"Hapana ingia mule. Kuko mazuku."

Mazuku ni hewa mbaya inayotoka ardhini. Haina rangi wala harufu, na ni nzito, kwa hiyo hairuki, inatuama mashimoni kama maji. Asubuhi kabla upepo haujaamka ndipo inapokuwa mbaya zaidi. Ukisimama, pengine itakufika magotini usijue lolote. Ukiinama, umekwisha. Wenyeji wanaijua kwa mijusi iliyokufa kwenye majani, na mkulima mwenye shaka huteremsha kijinga cha moto: kikizimika, anaondoka. Mimi nilicheka. "Upepo gani unakaa shimoni kama chura?" Kavira hakucheka. "Cheka tu," akasema. "Miye nimekuambia."

Halafu mlima wa volkano ulio juu ya mji ukapasuka. Jioni ile mbingu yote upande wa Nyiragongo iligeuka nyekundu, na moto ukashuka mpaka ukingoni mwa mji ukasimama. Tukasema Alhamdulillahi, yamepita. Kumbe bado. Siku zilizofuata ardhi ilitetemeka usiku na mchana, kuta zikapasuka, na alfajiri moja tukatangaziwa mji uhamwe. Watu wakasema moto unapita chini ya nyumba zetu, utatokea ziwani na ziwa litalipuka kwa gesi iliyo chini yake. Mjomba alikuwa safarini Bukavu. Mke wake, Mama Zaina, akafunga watoto na sufuria, tukaingia barabarani kwa miguu kwenda Sake na mji mzima.

Mimi nilikuwa na sanduku la magurudumu. Naam, magurudumu, juu ya mawe ya Goma! Mama Zaina alinitazama akasema, "Ubebe ku kichwa, mwanangu, huku si aeroporti." Nikakataa. Mwanafunzi wa chuo kikuu nibebe mzigo kichwani kama mchuuzi? Gurudumu la kwanza lilikatika kabla hatujamaliza Ndosho. La pili likafuata. Nikawa naliburuta kama mbuzi asiyetaka kuchinjwa, na Mama Zaina na watoto wakanitangulia, nikabaki nyuma peke yangu katikati ya watu nisiowajua.

Hapo ndipo nilipomwona. Nisikilize vizuri, maana yote yanaanzia hapa.

Mwanamke alikuwa amesimama kando ya barabara, mtoto mgongoni, na miguuni pake beseni kubwa lililofungwa kitenge cha kijani. Alikuwa amelitua apumzike, na sasa hawezi kulinyanyua. Wewe unajua, mwenye mtoto mgongoni hawezi kujitwika beseni zito. Lazima mwingine ashike upande wa pili. Na unajua pia kwamba hilo halikataliwi. Kwetu Ujiji, kwao Goma, popote nilipopita, hata mgomvi wako akikwambia "nitwike," unamtwika kwanza, kisha mnaendelea na ugomvi wenu.

Akanitazama mimi. Si mwingine, mimi.

"Dada, unitwike, tafazali."

Nilimsikia. Nilikuwa hatua tatu kutoka kwake. Lakini ardhi ilikuwa imetoka kutetemeka, jasho linaniingia machoni, na nilikuwa na hasira na sanduku langu. Nikatoa simu nikajifanya naisoma. Nikapita. Nilipogeuka nyuma, nilimwona anafungua mbeleko na kushuka taratibu kwenye kibonde chenye majani, akae na mtoto wake pasipo na msongamano, huku akilivuta beseni lake.

Nilijiambia mwingine atamtwika. Kila mtu hujiambia hivyo.

Tulirudi Goma baada ya siku kadhaa. Ziwa halikulipuka. Masomo yakaendelea, na yule mwanamke sikumtaja kwa mtu, wala kwa Kavira. Ungekuwa wewe ungesema? Mwaka uliofuata ikaja vita. Waasi walishuka kutoka kaskazini na Kanyaruchinya, nje kidogo ya mji, ikajaa mahema ya wakimbizi mpaka barabarani. Tulipeleka nguo na sabuni huko na wanafunzi wenzetu, na kila nilipomwona mama mwenye beseni niligeuza uso. Baba akaanza kupiga simu nirudi nyumbani. Kavira naye akaitwa Butembo kabla barabara haijafungwa. Basi tukasema tufanye safari moja ya mwisho, twende kwenye lile ziwa dogo la kijani lililo ndani ya kreta, shimo la volkano ya zamani, tupige picha za kuagana.

Pikipiki ilituteremsha njia ya Sake kukiwa na ukungu. Hakukuwa na upepo hata wa kutikisa jani. Kavira akaenda shambani kumsalimia mkulima mmoja na kumwuliza njia, mimi nikabaki kufunga kamba ya kiatu.

"Dada, unitwike."

Sauti ilitoka chini yangu. Nikasogea, nikaona kibonde, na mwanamke amekaa chini, miguu ameinyoosha, beseni pembeni yake. Nakuapia, sikuogopa. Nilichosikia ni aibu tu, sikuijua ni ya nini. Nikajiambia safari hii sipiti. Nikashuka hatua nne, tano, na yale yote Kavira aliyonifundisha yalikuwa yamenitoka kichwani kama sikuwahi kuyasikia.

"Mtoto yuko wapi, mama?" nikauliza.

Ndugu yangu, nani alikuwa ameniambia ana mtoto? Mgongo wake ulikuwa mtupu. Swali lilinitoka lenyewe, na lilipokwisha kutoka ndipo nilipokitambua kitenge. Cha kijani. Fundo lilelile.

Akaliangalia beseni. "Analala," akasema. "Unitwike polepole, asiamuke."

Utaniuliza kwa nini sikukimbia. Mikono yangu ilikuwa tayari imeshika ukingo wa beseni! Mwili unajua adabu kuliko kichwa. Niliinama. Chini, karibu na pindo la kitenge, niliona mijusi miwili imelala chali, matumbo juu, na mbayuwayu mmoja mabawa wazi. Ulimi ukanichachuka kama niliyekunywa soda. Nikakumbuka kwamba amekaa chini hapo, uso wake ndani ya ile hewa, na anasema nami kama mtu aliye sebuleni kwake. Nikataka kusoma Ayatul Kursi. Neno la kwanza likagoma.

Beseni lilikuwa zito, baridi, na ndani yake kitu kiligeuka, kama mtoto anayegeuka usingizini. Tukanyanyua pamoja. Alipokwisha kuliweka kichwani alisimama, uso wake ukawa mbele ya uso wangu, na sikusikia pumzi yake.

"Nilikungojea," akasema.

Sikuona tena kitu.

Nilizinduka nikiwa nimelala juu barabarani, natapika. Kavira alikuwa amebana pumzi, akashuka na kuushika mkanda wa mkoba wangu, akaniburuta kama lile sanduku langu, na yule mkulima akanipokea kwa juu. Kavira alikuwa analia na kunitukana kwa pamoja. "Ulikuwa unainama mule peke yako! Mikono juu, unabeba hewa! Unataka kuniua na woga?"

Peke yangu. Alisema hivyo, na mkulima akaitikia. Hawakuona mtu.

Yule mkulima alikiangalia kile kibonde, akatema mate pembeni. "Wakati batu walikimbia volkano, tulikuta mama na mutoto wake hapa. Walikaa kupumuzika, mazuku ikawabeba. Tuliwazika kule juu. Hakuna mutu mwenye alijua majina yao."

"Walikuwa na beseni?" nikauliza. "La kitenge cha kijani?"

Akanigeukia. "Nani alikuambia?"

Kavira naye akanigeukia. "Ulikuwa unamujua?"

Nikasema, "Hapana."

Mara ya pili hiyo. Barabarani nilijifanya simsikii, na hapo nikajifanya simjui.

Homa ilinishika siku tisa. Shingo ilikuwa inaniuma pale panapokaa mzigo, kama aliyetwikwa ni mimi. Mjomba, aliposimuliwa na Kavira, akaita watu wamsomee dua yule marehemu, na walipouliza jina lake, hakuna aliyelijua, mpaka shehe akasema, basi tumwite Fulani binti Hawa. Kusikia hivyo nilitoka nje nikalia. Wiki ile Kavira akaondoka kwenda Butembo na mimi nikarudi Ujiji. Masomo niliyamalizia huku kwetu.

Niliishi hivyo miaka miwili. Mpaka sasa, asubuhi isiyo na upepo ziwani, naisikia ile sauti, chini kidogo ya miguu yangu, na shingo inaanza kuuma. Mwezi uliopita nikashindwa, nikampigia Kavira. Nikamweleza kila kitu: barabara, simu, namna nilivyopita. Nilidhani atakata. Hakukata. Akasema taratibu, yeye ambaye hajui kusema taratibu:

"Nilijua. Tulipokuvuta mule, kabla ya kuamuka, ulikuwa unasema neno moja tu. 'Nilikusikia, mama. Nilikusikia.'"

"Mbona hukuniambia?"

"Nilikuwa nakungojea useme weye mwenyewe."

Neno lilelile la yule mama. Simu ikaniponyoka.

Haya, nimemaliza, sasa cheka kama bado unaweza. Lakini kesho ukipita sokoni na mama akakwambia "nitwike," tua ulicho nacho, ushike upande wa pili, hata kama una haraka, hata kama mlima unawaka nyuma yako. Kama yuko bondeni, mwambie kwanza apande juu. Na kama mgongo wake ni mtupu, nakuomba, usimuulize mtoto yuko wapi.