Kipimo cha Cyriaque

Ismaël hakuwa mtu wa kusahau. Ukimkanyaga leo, atakuombea afya njema ili siku ya malipo ikukute mzima. Mimi, Béatha, fundi cherehani wa mtaa wa Biryogo, nilishona mlango wa pili kutoka kwake miaka saba, na chuki yake naijua vizuri. Nakiri pia kwamba nilisaidia kuilisha.

Alikuwa fundi wa kusaga lenzi katika duka la miwani la Cyriaque, mjini. Cyriaque alikuwa na kifaa cha kupimia mbinuko wa kioo, kidogo, cha mviringo, chenye mshale na miguu mitatu, alichokinunua Ubelgiji. Alikiita montre kwa sababu kilifanana na saa ya mfukoni, na hakuna aliyeruhusiwa kukitilia shaka.

Ismaël alikuwa na kipimo chake cha kimaskini. Anashika lenzi mbele ya ukuta, anaisogeza mpaka mti ulio nje ya dirisha uonekane ukutani, mdogo, kichwa chini, majani yakihesabika. Kisha anapima kutoka ukutani hadi kwenye lenzi kwa utepe alioazima kwangu. Lenzi ya namba mbili sharti ifike sentimita hamsini. Mwaka 1989, baada ya Pasaka, utepe ukaanza kusema thelathini na tatu wakati montre inasema mbili.

"Patron, montre imeharibika," alimwambia bosi wake.

Cyriaque akacheka. "Utepe ya kushona makanzu inabishana na Ubelgiji? Wee saga tu."

Akasaga. Wiki ile ile mwalimu Mukasine akarudisha miwani yake, kichwa kikimuuma, herufi hazisomeki mpaka azinuse. Mbele ya wateja Cyriaque akasema Ismaël ana mikono ya mchinja mbuzi. Akamfukuza, kisha akapita kwenye maduka mengine mawili ya miwani kuwaonya wasimwajiri. Mbaazi ukikosa maua husingizia jua.

Basi fundi yule akarudi Biryogo kukaza skrubu za miwani kuukuu kwenye kimeza cha mbao. Nilikuwa nikimwona akigeuza uso kila alipopita mtu mwenye miwani. "Siku moja atasema kwa kinywa chake, mbele ya watu, kwamba mkono wangu haukukosea," aliniambia. Hakutaka kingine.

Aprili 1990 Wamarekani walirusha darubini yao kubwa angani, Hubble, izunguke juu ya mawingu na kuona nyota za mbali kabisa. Picha zikaja na ukungu, kioo hakikuwa sawa. Watu walicheka. Ismaël alisema tu, "Maskini, fundi wao."

Mwishoni mwa Novemba tulikuwa tukisubiri habari za vita vya kaskazini mwa nchi kwenye redio yangu. Mtangazaji wa Kiswahili akaeleza uchunguzi wa Hubble ulipofikia. Kioo kilisagwa kwa ustadi mkubwa, ila kwa umbo lisilo lake, kwa sababu kifaa cha kukipimia kilifungwa vibaya, milimita moja na kidogo. Kipimo kingine, cha kawaida zaidi, kilikuwa kimeonyesha kosa. Wakubwa wakakipuuza.

Ismaël aliruka, skrubu zikamwagika. "Béatha! Ni montre! Montre na utepe wako!" Alilia, nami nikalia, kwa hasira tupu.

"Nenda kamwambie," nikasema.

"Maneno? Ataniambia Amerika ni mbali. Huyu nitamvisha kosa lake."

Malipo ni hapa hapa duniani. Tangu amfukuze, Cyriaque aliuza lenzi zilizosagwa tayari ng'ambo. Sasa vita vilikuwa vimefunga njia ya mpakani ya Gatuna, lenzi haziingii, na Desemba miwani yake mwenyewe, ya namba mbili, ikavunjika. Akatuma mtu amwite Ismaël. Jumamosi asubuhi tukaenda, Ismaël, mimi na utepe wangu, pamoja na mwalimu Mukasine niliyemwalika kwa nia mbaya kabisa.

Duka lilijaa. Ismaël akainama kwa adabu. "Nitasaga, Patron. Ila tupime kwa montre, na asome mama."

"Sasa umepata akili!"

Spéciose, mke wa Cyriaque, akabandika montre kwenye kila lenzi iliyotoka kwenye jiwe la kusagia. "Mbili," alisema, kila mtu akasikia. Cyriaque akavaa, akafungua gazeti. Akalisogeza karibu. Akalisogeza tena, mpaka pua ikagusa wino.

"Umeharibu tena! Hii haiko mbili!"

Ismaël akamvua miwani taratibu, akaisimamisha mbele ya ukuta. Mti ukatokea, kichwa chini. Nikanyoosha utepe, na mwalimu Mukasine akasoma kwa sauti ya darasani: "Thelathini na tatu."

Spéciose akamgeukia mumewe. "Si iko ile ilikuponyoka siku ya Pasaka, ukaniambia nisiseme?"

Alijua! Laiti ningekuja na mkasi wangu.

"Tengeneza hii kwanza," Cyriaque alinong'ona, "tutaongea."

"Sema kwanza."

Cyriaque akakunja gazeti. Ismaël akamrudishia miwani usoni, akaiweka vizuri masikioni. "Kipimo chako kimesema iko sawa, Patron." Tukaondoka, na wateja wanne wakatufuata hadi Biryogo.

Januari 1994 redio ikatangaza picha mpya za Hubble: wataalamu walipanda huko juu Desemba, wakaivisha kama miwani, na sasa nyota zinaonekana safi. Juma lile Cyriaque alikuja kichochoroni kwetu kwa miguu, kofia mkononi. Duka lake lilikuwa limefungwa, macho yamezidi kufifia, na miwani za kununua tayari hazikumfaa. Ismaël sasa alikuwa na jiwe lake mwenyewe na foleni ya watu.

"Hata ile ya Wamarekani imetengenezwa," alisema Cyriaque. "Na mimi, fundi, nisagie."

Ismaël hakuinua macho. "Wao walisema mbele ya dunia kwamba kipimo ndicho kilikosea."

Cyriaque aliitazama foleni bila kuziona sura. "Montre ilianguka," alisema. "Nilijua. Ismaël hakukosea."

Miaka mitano tuliyasubiri maneno hayo! Nilidhani Ismaël angelia. Alifuta mikono tu.

"Asante, Patron. Sasa kayaseme kwenye yale maduka mawili."

Cyriaque akaondoka akipapasa ukuta. Ismaël akaandika jina la Cyriaque kwenye karatasi, akaliweka mwisho wa foleni.