Kaburi Lililopisha Barabara

Nilikuwa mtendaji wa kijiji kwa miaka minne, katika kijiji kimoja kilicho mbali na lami, mashariki ya Dodoma mjini. Nilipofika, kile walichokiita barabara kilikuwa njia ya ng'ombe iliyopanuka. Kiangazi ilikuwa vumbi. Mvua zikinyesha, korongo lililo kati yetu na zahanati lilijaa maji mekundu, na hapo mtu wa ng'ambo alibaki ng'ambo. Mama mjamzito mwenye ndugu karibu na lami alihamia huko mapema. Asiye na ndugu alimwachia Mungu.

Kila mwaka tuliiweka barabara hiyo kuwa kipaumbele cha kwanza, na kila mwaka bajeti ilirudi bila barabara. Niliwasomea wananchi maneno niliyopewa: ukomo wa bajeti. Walitikisa vichwa kwa adabu. Wengi wao Kiswahili ni lugha ya pili, lakini neno hilo walilielewa upesi kuliko mimi.

Mwaka wa tatu barabara ikapita kwenye bajeti. Wapimaji walikuja na vigingi na rangi nyekundu, wakatuambia sharti moja: fidia hakuna, kila mwenye shamba aridhie mwenyewe, na iandikwe kwenye mihtasari ya kijiji. Wote waliridhia isipokuwa mjane mmoja, bibi wa miaka sabini hivi. Kigingi kiliangukia ukingo wa shamba lake la mtama, hatua mbili kutoka kaburi la mumewe.

Mkutano tulifanyia darasani, watu wazima wamebanana kwenye madawati ya watoto. Mwenyekiti wa kijiji alimwuliza mara tatu. Mara ya tatu bibi alisimama.

"Barabara naitaka," alisema. "Lakini yule pale hajawahi kumzuia mtu njia. Mbona mnamfuata?"

Tuliahirisha.

Jumapili iliyofuata nilimfuata nyumbani, peke yangu, alipotoka kanisani. Nilimwamkia, akanikalisha kwenye kigoda na kunipa togwa. Nilijua kwamba mkamwana wake alifia kwenye korongo lile akiwa na uchungu, amelala juu ya mkokoteni, wanasubiri maji yapungue. Kila mtu kijijini alijua. Na mimi nilikwenda nimepanga kulitaja.

"Bibi," nikasema, "barabara ikija na daraja, hakuna mwingine atakayefia pale."

Aliendelea kupepeta mtama ambao ulikuwa umekwisha kupepetwa.

"Unaniahidi?"

"Naahidi."

"Itakuja lini?"

"Kabla ya mvua."

Alitia dole gumba kwenye daftari la mihtasari siku ileile. Baada ya wiki mbili tulimhamisha mumewe. Mchungaji aliomba, vijana wakachimba, na mabaki yakafungwa kwenye shuka jeupe ambalo bibi alilinunua mwenyewe mnadani. Tulimzika upya nyuma ya nyumba. Bibi hakulia. Alisimama akishika mkono wangu kana kwamba mimi ndiye mfiwa.

Greda lilikuja kweli. Watoto waliachwa watoke madarasani walione. Kwa siku mbili lilikwangua kutoka kwetu hadi korongoni, likang'oa vichaka vyote, nyasi zote na minyaa ya mipakani, likaacha ukanda mtupu mwekundu unaoteremka moja kwa moja. Siku ya tatu dereva alipigiwa simu. Alipakia vitu vyake akaniambia, "Mtendaji, tunarudi. Kuna mambo yanawekwa sawa."

Niliandika barua. Nilipiga simu. Nilikwenda mwenyewe wilayani, nikakaa kwenye benchi tangu asubuhi hadi kijana mmoja mpole aliponionea huruma. "Kaka, fedha hazijashuka," aliniambia. "Na zikishuka sasa, kuna miradi mingine imetangulia."

Mvua hazikusubiri. Maji ya mlima mzima yalipata njia iliyonyooshwa, isiyo na jani la kuyazuia, wala mtaro, wala kalavati. Mvua ya kwanza ilichora mfereji. Ya pili ikaufanya shimo. Kufikia mwezi wa pili tulikuwa na korongo jipya, refu kuliko la zamani, na hata ile njia ya ng'ombe haikupitika. Shamba la bibi lilimegeka kila usiku. Asubuhi ungeona mtama uliosimama jana umelala chini kwenye tope. Vijana walipanga viroba vya mchanga. Vilichukuliwa.

Mkutano uliofuata walikuja watu wachache, hata akidi haikutimia. Bibi alikuja. Alikaa dawati la mbele, nguo imelowa hadi magotini.

"Mwanangu," alisema, "nisomee pale mlipoandika habari zangu."

Nilifungua daftari la mihtasari nikasoma: kwamba yeye ameridhia kwa hiari yake, bila kushurutishwa na mtu, kupisha mradi na kuhamisha kaburi, na kwamba hatadai chochote.

"Endelea."

"Imeishia hapo, bibi."

"Na wewe ulichoniambia nyumbani kwangu, umekiandika wapi?"

Mwenyekiti alitazama dirishani. Nililifunga daftari. Bibi aliitikia kwa kichwa taratibu, kama mtu aliyepata jibu. Akajifunga kitenge chake, akatoka.

Nilipewa uhamisho mwaka huohuo, wala sikuuomba wala kuukataa. Sasa naishi Ipagala, nafanya kazi mezani. Nimesikia kwamba bibi alichukuliwa na binti yake, shamba likaachwa, na kwamba mumewe hawakumhamisha tena kwa sababu hakuna aliyejua wampeleke wapi. Bibi alifariki ugenini. Walitaka kumrudisha azikwe kwao, lakini ilikuwa mvua, na gari lililombeba lilishindwa kufika. Alizikwa hukohuko, karibu na lami.

Msiba huo niliusikia siku tatu baadaye, kwa simu ya mwenyekiti. Alipomaliza kunieleza, aliuliza kama huku mjini nimesikia lolote kuhusu bajeti ya mwaka huu. Nikamwambia sijasikia.