Marahaba Niliyoitoa Nyuma ya Pazia

Nichekeni sasa hivi tumalize, maana nikifika mwisho nitakuwa nimejifunika khanga usoni: mimi, mtoto wa kijijini Chanzuru niliyelelewa vizuri tu, niliwahi kupokea shikamoo ya mwanamke anayelingana na mama yangu, tena nikaitikia, tena kwa sauti nzito.

Yote yalianzia kwa kinyonga. Nilimkuta hapa Mikumi, pale malori yanapoegeshwa, anaingia barabarani kwa ule mwendo wake wa mbele na nyuma, na dereva mmoja ameshaokota jiwe. "Dada, kaa mbali, huyo mkosi!" akanipigia kelele, nami sijui nini kilinipata, nikamtegea kijiti, akapanda, na kabla hatujafika nyumbani nilishampa jina: Mzee.

Jamani, nilivyofurahi! (Furaha ya kimyakimya, maana Mama Zuhura, mwenye nyumba wangu, alinipangisha chumba kwa sharti la kutofuga mnyama yeyote, na yeye kinyonga anamwogopa kuliko anavyoogopa nyoka.) Nilinunua kabati kuukuu la chakula, lile la wavu, nikaliweka karibu na dirisha lipate jua la asubuhi, nikapanga ndani matawi ya mpera, na kila jioni nikawa nakamata panzi nyuma ya choo. Niliandika hata kwenye daftari: panzi wanne, rangi kijani, jicho moja linanitazama mimi, jingine linatazama mlango. Kasoro ilikuwa moja tu, hanywi maji. Nikimwekea kisahani anakipita kama hakioni, na macho yakaanza kudidimia, hadi nilipomwona analamba matone kwenye majani niliyotoka kuyaosha, ndipo nikaelewa. Sasa mimi kazi yangu ni kuuza kwenye duka la dawa. Nikachukua mpira wa dripu uliopitwa na muda, nikajaza chupa maji safi, nikaitundika kwenye msumari juu ya kabati, tone, tone, mpaka kwenye majani. Akanywa! Kidogo nipige vigelegele.

"Kunywa, Mzee wangu, kunywa, utapona," nikawa nambembeleza, na hapo hapo sauti ikatoka nje ya dirisha. Alikuwa Mama Zuhura, na pazia lilikuwa limemwachia kuona chupa ya dripu tu.

"Mwanangu, una mgonjwa humo?"

Nikisema ukweli, leo leo nalala nje. "Ndiyo, mama. Baba yangu mkubwa, kaletwa kutoka Chanzuru."

Nilisahau ninaishi na watu gani. Saa nne uji wa ulezi ukawa mlangoni, saa saba supu ya kuku (jogoo wake mwenyewe, yule aliyekuwa akituamsha), nami vyote nikaviingiza ndani nikavinywa, ningevipeleka wapi? Saa tisa nikasikia ndala nyingi uani. Mama Zuhura alikuwa amekuja kumjulia hali mgonjwa, pamoja na wapangaji wote wa kike, mbele yao Minza wa chumba cha pili, mkeka kwapani na bakuli jingine la supu mkononi.

"Amelala," nikasema, nimejibana mlangoni.

"Basi tutamsalimia dirishani." Mama Zuhura akainama kidogo, mkono kifuani. "Shikamoo, kaka yangu."

"Haitikii!" Minza akaruka. "Huyu kazidiwa, iteni bajaji apelekwe hospitali!"

Mmoja akatoa simu. Nikasema ngojeni nimwamshe, nikaingia, nikarudishia mlango, nikasimama nyuma ya pazia.

"Shikamoo, kaka," Mama Zuhura akarudia, safari hii kwa sauti ya kulia.

"Marahabaaa," nikakoroma.

"Mnasikia kifua hicho? Kimembana!" Minza akasukuma mlango, wote wakaingia.

Kitanda kimetandikwa. Mimi nyuma ya pazia, mkono kooni. Macho ya Mama Zuhura yakaanzia kwenye chupa, yakashuka taratibu na mpira, yakafika kabatini, ambako nilikuwa nimesahau kufunga mlango na Mzee amekaa ukingoni. Nzi akatua kwenye bakuli la Minza. Ulimi ukatoka, mrefu, ukamchukua nzi, ukarudi.

Sijawahi kuona watu wazima wakitoka kwenye mlango mmoja kwa pamoja. Supu chini, mkeka chini, na ndala saba, hakuna hata moja yenye mwenzake.

Walipotulia uani, Mama Zuhura hakuuliza habari za kinyonga. "Aliyeitikia ni nani?"

"Mimi, mama."

"Kwa hiyo nimekuamkia wewe." Afadhali angenipiga. "Nirudishie shikamoo yangu."

Nikapiga magoti mbele ya wote. "Shikamoo, mama." Akanyamaza. "Shikamoo, mama." Akanyamaza, nikajiona tayari nafunga virago. Ya tatu niliitoa na machozi, na Minza akashindwa kujizuia kucheka.

"Marahaba," Mama Zuhura akasema. "Chumba utabaki nacho. Huyo baba yako mkubwa arudi kwao kabla jua halijazama."

Nilimpeleka Mzee vichakani, mbali na barabara, akaondoka bila kugeuka, ingawa jicho moja lilibaki kwangu. (Baadaye nikaambiwa mnyama wa porini hafugwi bila kibali, kwa hiyo Mama Zuhura aliniokoa.) Tangu hapo simwitikii mtu kabla hajaniona mzima mzima, na kila asubuhi uani namwamkia Mama Zuhura mara mbili, moja ya leo na moja ya siku ile. Ya kwanza anaitikia. Ya pili bado ananiangalia kwanza.