Hirple ya Wull Mennie

Kila alfajiri, kabla vijana hawajaamka, Wull Mennie aliketi ukingoni mwa kitanda akalifunga goti lake la kushoto kwa kipande cha gunia. Alikaza mpaka vidole vya mguu vikaingia ganzi. Kisha alishusha suruali, akatembea hatua nne hadi ukutani na kurudi, huku ametega sikio. Kiatu cha kulia, kiatu cha kushoto. Vikisikika sawasawa, alishusha pumzi.

Wakati wa barafu, farasi jike aitwaye Bess aliteleza akamwangukia. Wull alisema hakuumia.

Miaka ishirini na miwili alikuwa mkubwa wa waendesha farasi katika shamba la Knockrae, na miaka yote hiyo alilala chumba kimoja na vijana wa kazi. Hakuwa na mke, hakuwa na nyumba. Mwenye shamba, ambaye kama kawaida ya watu wa huko aliitwa kwa jina la shamba lake, akimwacha, nani angemchukua mtu wa miaka hamsini na sita? Ingebaki nyumba ya maskini kule mjini, ile yenye ukuta mrefu. Mjomba wake aliingia humo na viatu vyake mwenyewe, akatolewa ndani ya sanduku.

Na kwao mtu hafukuzwi kwa maneno. Mwezi wa nne Knockrae hupita banda la farasi akiwauliza wafanyakazi kwa vyeo, mkubwa kwanza: "Utakaa?" Asiyeulizwa hufunga mizigo yake Mei ikiisha, na hakuna anayemwambia kitu.

Kuchechemea wao wanakuita hirple. Mwalimu alikuwa akiwachapa wakilitamka, eti si Kiingereza cha watu. Lakini kasisi mmoja mzee alilitafuta kwenye vitabu vyake vyote, akasema neno hilo lina miaka mia nne na zaidi, na lilikotoka hakuna ajuaye. Wanalisema kwa sungura aliyepigwa risasi akaponyoka, kwa mkokoteni wenye gurudumu bovu, hata kwa fidla inayopoteza mdundo. Kwa mtu halisemwi usoni. Husemwa akishapita. Ndiyo maana Wull, akipita mahali penye watu, alihisi mgongo wote umekuwa sikio.

Asubuhi moja ya mwezi huo wa nne, jikoni, Isie, msichana wa kazi, alikuwa akimimina maji ya moto kwenye mabakuli ya unga wa oti. Doddie, wa pili kwa cheo, akaanza.

"Jana nimemwona sungura kwenye shamba la tanipu. Hirple, hirple, hirple, utadhani bibi kachelewa kanisani!"

Vijana wakacheka.

"Ungemmaliza basi, maskini," Isie akasema.

"Nipoteze risasi ya nini? Huyo anajifia mwenyewe."

Kijiko cha Wull kilisimama njiani. Doddie alikuwa anatazama bakuli lake. Alimsema sungura tu? Wull aliumaliza uji wake, akatoka.

Sasa, kutoka bandani kwenda kulima kuna utaratibu wake. Mkubwa hutangulia na farasi wake wawili, anafuata wa pili, kisha wa tatu. Hakuna anayempita mwenzake mlangoni, hata mvua ya mawe inyeshe. Siku hiyo goti lilikataa kabisa kukunjika, na Knockrae alikuwa amesimama katikati ya uwanja na kiko chake mdomoni. Kutoka mlangoni hadi langoni ni hatua sitini. Wull alizijua. Jasho likamtoka kwenye baridi ile. Akainama, akainua ukwato wa Bess, akajifanya kuna jiwe limenasa.

"Doddie, tangulia."

"Nini, mzee?"

"Tangulia, nakuja."

"Mbele yako wewe?"

"Huna masikio?"

Doddie akashika hatamu za farasi wake. "Haya. Lakini umesema wewe, siyo mimi."

Wull alibaki ameinama mpaka uwanja ukawa mtupu. Hakuna aliyemwona akichechemea. Asubuhi nzima alilima akijiambia ameponea chupuchupu.

Saa sita mchana, farasi wamesharudishwa, Knockrae aliingia bandani. Alimpita Bess. Alimpita Wull. Akasimama kwa Doddie.

"Utakaa?"

Doddie akawa mwekundu hadi shingoni. "Knockrae, si ungeanza na mzee kwanza?"

"Naanza na anayetangulia kutoka mlangoni." Kisha akasema bila kugeuka, "Goti lako nalijua tangu Januari, Wull. Halikunisumbua. Nilikuwa nimesimama pale nje nikikungoja utoke wa kwanza, mchana nije nikuulize. Ukampa mwenzako mlango mbele ya watu wote. Nikikurudisha mbele leo, nani atakufuata?"

Jiwe, Wull alitaka kusema, kulikuwa na jiwe.

Alitundika kwenye msumari brashi aliyokuwa akimsugulia Bess. Akachukua koti.

"Mzee, kaa ule kwanza!" Doddie aliita. "Mei bado!"

Wull alikuwa ameshavuka kizingiti. Safari hii hakuukaza mguu. Ulikokota, ukaruka, ukakokota, na wote walikuwa mlangoni wakitazama, na lile neno hakuna aliyelitamka. Langoni barabara hugawanyika: kushoto ni mjini, kwenye ule ukuta, kulia ni milimani, ambako hakuna nyumba wala mtu. Alishika ya kulia. Isie alimwekea bakuli lake siku tatu, asirudi, kisha akaacha.