Ng'ombe Waliobeba Biolojia Yangu Wametolewa Mahari

Admin, jina langu lifiche kabisa, maana huku Kibaha nina mashabiki wangu na sitaki wajue kwamba huwa nalia. Wakubwa shikamooni, wadogo mambo vipi. Mimi ni kijana wa kiume, miaka ishirini na moja, mrefu, sura ipo, mpira najua. Shule tu ndiyo iligoma kunipenda. Kidato cha nne nilipata ziro, sasa narudia mtihani. Nakaa hapa Kibaha kwa dada yangu na mume wake, nasoma tuisheni. Kwetu ni Vihingo, Kisarawe, wazee walihamia pale kutoka Kanda ya Ziwa na ng'ombe wao. Nataka kuwa bwana mifugo, na nimeambiwa bila Biolojia chuoni nisipeleke hata pua. Baba kasema hii ndiyo mara ya mwisho. Nikifeli tena, masomo basi, narudi kuchunga mpaka nizeeke.

Shemeji yangu ni mtu wa ofisini, kasoma mpaka kachakaa. Alinibandikia ratiba ukutani, akaniambia alfajiri nikae mezani miguu ikiwa ndani ya beseni la maji baridi, eti usingizi hauji. Yeye ndivyo alivyofaulu. Wadau, mimi nililala humo humo kwenye beseni nikaamka na mafua! Nikajaribu kukariri kwa kuandika, mkono ukavimba, kichwa kitupu. Nikajaribu kusoma kwa makundi na wenzangu, tukajadili usajili wa wachezaji mpaka saa ya kula. Kila nilichosoma nimekaa, nikisimama kinadondoka.

Sasa likizo nikaenda nyumbani Vihingo kuchunga. Ng'ombe wetu wana nidhamu kuliko wanafunzi wengi. Wakitoka zizini kila mmoja ana nafasi yake, hampiti mwenzake mpaka lamboni wanakokunywa maji. Kwa utani tu nikaanza kuwabatiza. Mwekundu wa mbele nikamwita Mdomo, maana anatafuna hata kamba. Anayemfuata ana shingo ndefu, huyo Esofagasi. Jike mweusi mwenye tumbo kubwa akawa Stamaki, nyuma yake Duodenamu, halafu yule mkali mwenye pembe akawa Liva. Nikawa natembea nyuma yao napiga kelele: "Wewe Liva, kazi yako nini? Si kutengeneza nyongo? Haya, mpelekee Duodenamu, lakini usimchome pembe!"

Kumbe kichwa changu kinasoma kikitembea! Likizo ilipoisha mada nzima ya mmeng'enyo wa chakula ilikuwa imeingia. Tuisheni tukapewa jaribio, nikaongoza darasa. Mwalimu akaniita mbele: "Wewe, umeangalizia kwa nani?" Nikamwambia, "Mwalimu, ninaosoma nao wana mikia." Darasa lilianguka kwa kicheko. Tangu hapo kila Jumamosi nikawa nakwenda Vihingo kupitia mada zangu. Hata mzunguko wa damu niliuweka kwa ng'ombe hao hao, tukiwa njia ya kurudi. Wadau, nilijiona profesa.

Kizaazaa kikaanza kaka yangu alipopata mchumba Magindu, kwa wafugaji wenzetu. Kwetu mahari ni ng'ombe. Wakwe walikuja kuchagua wenyewe zizini, na baba kwa kutaka sifa akawaruhusu wachukue hata wale wanaoongoza njia. Mimi sikuwepo. Jumamosi nafika, nakuta wamebaki Utumbo Mpana, yule wa mkiani kabisa, na ndama.

"Baba shikamoo. Wale wa mbele wako wapi?"

"Marahaba. Wako Magindu. Au wewe hutaki shemeji?"

"Baba, wale walikuwa Biolojia yangu."

Mzee akanitazama weee, halafu akamwita mama: "Hebu njoo umsikie mwanao. Huko Kibaha kaanza kuvuta."

Nimejaribu kuwapa waliobaki majina hayo, wapi! Hawana kiongozi, wanatawanyika kama wamefumaniwa, na mada zangu zinatawanyika nao. Jaribio lililofuata niliandika kwamba chakula kinaanzia utumbo mpana. Shemeji akacheka mpaka akajifuta machozi: "Si nilikwambia ukae mezani?"

Nikapata wazo niende Magindu, niwaombe wale wakwe niwachungie bure mpaka mtihani. Nilipomwambia kaka, alinishika mkono. Kaka yangu hajawahi kuniomba kitu, huwa ananiamrisha tu. Akasema, "Mdogo wangu, nakuomba. Bibi harusi bado hajaja nyumbani. Wakikuona unazunguka nyuma ya mahari watasema tumejuta, tumekutuma uwachungulie. Baba yake ana maneno yule, atamrudisha binti ndani."

Jumamosi iliyopita nilijaribu kupita njia ile peke yangu, naita majina huku natembea. Mdomo, Esofagasi, Stamaki. Hapo nikakwama. Mbele yangu hakuna mgongo wa mtu wala wa ng'ombe, ni majani tu. Mimi ninayewachekesha wote nilikaa chini karibu na lambo, nikashindwa hata kujitania.

Nyie mliofaulu mkiwa mmekaa kwenye viti, chekeni kidogo halafu mnisaidie. Mtihani umekaribia. Nikienda Magindu naweza kumharibia kaka ndoa. Nikibaki hapa na beseni la shemeji, najiona kabisa ninavyofeli, na baba hatanipa nafasi nyingine. Kuna mwalimu humu amewahi kukutana na kichwa kama changu? Kinafundishwaje?

Asubuhi hii kaka kanitumia picha amevaa suti ya harusi, anauliza kama imemkaa. Sijamjibu mpaka sasa. Ndugu zangu, niambieni nimjibu nini, na Biolojia yangu niikimbilie wapi?